Majina Anayouza Jojo

Jumatatu, 3 Machi
Mazoezi tena. Jojo Kivumbi, nyota wetu wa roki, amefika sote tumechoka kumsubiri. Miwani ya jua usoni, ndani ya gereji isiyo na dirisha. Akajigonga kwenye spika. Niliionea huruma spika.

Mimi ni sauti ya nyuma. Mchana nasuka nywele saluni, mtaa wa Warwick hapa Durban, jioni namwitikia mtu anayejiita Simba wa Durban. Simba! Akiona mende anapanda juu ya kiti.

Alhamisi, 6 Machi
Anakwenda kuimba Ulaya. Kabla ya safari, ule wimbo wake mkubwa unarekodiwa upya. Wake! Kaka yangu ndiye aliyeutunga, jikoni kwetu, gitaa mapajani, sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, ikiungua motoni. Jojo wakati huo alikuwa kwenye kwaya tu, na kwaya ilikuwa inamvumilia. Sasa anaambia redio kwamba aliletewa wimbo ndotoni.

Kaka hapigi tena. Mashine ya kiwandani Mobeni ilimsaga vidole. Jojo alikuja hospitali, akalia kwa sauti ya kutosha wodi nzima, akaapa: "Solo, ndugu yangu, siku tutarekodi tena, jina yako itakuwa ya kwanza." Solo, ndivyo bendi yote ilivyomwita. Kaka hakuomba pesa wala picha. Jina tu. Analisubiri mpaka leo.

Jumamosi, 8 Machi
Kwetu Wakongo, jina kutajwa ndani ya wimbo ni heshima, na heshima hiyo inanunuliwa. Unalipa, unatajwa katikati ya muziki, mtaa mzima unakusikia. Tunaita kutupa mabanga. Jojo ameshauza nafasi zote. Mwenye duka la simu. Pasta. Tajiri mmoja wa maghala. Hata tajiri yangu wa saluni, ambaye muziki unamuumiza kichwa.

Nikauliza, na Solo? Akanipapasa bega.

"Dada, Solo ataelewa. Iko albamu ingine inakuja."

Ataelewa. Kazi ya maskini ni kuelewa. Nimerudi nyumbani, kaka akauliza wamefikia wapi. Nikasema bado wanapanga. Nimejidharau karibu kama ninavyomdharau Jojo. Karibu.

Jumanne, 11 Machi
Tumerekodi. Mwenye kuyatupa majina ni mimi, maana sauti ya Jojo ikipanda inakatika, siri ambayo mashabiki hawajui. Alinisomea majina haraka haraka, kisha akatoka nje kupigwa picha ameegemea gari la mtu.

Nikayatupa yote. Simu, pasta, maghala. Gitaa likafika pale ambapo kaka alikuwa anafumba macho. Sikupanga. Nilijisikia tu nikipaza: Faustin Bahati, mtoto wa Uvira! Jina lake kamili, la ubatizo. Fundi wa sauti, mwanafunzi Mkenya, alinitazama, akaacha mitambo iendelee.

Sasa naogopa. Jojo akilisikia atalifuta, na mimi atanifuta pamoja nalo. Sijali kufukuzwa. Uongo. Najali.

Ijumaa, 14 Machi
Amesikiliza. Akaniita pembeni. Lakini alikuwa anatabasamu hadi magego yanaonekana.

"Dada, ule Faustin Bahati iko boss wa wapi? Joburg? Eish, hukuniambia! Unijulishe naye. Safari iko karibu na nguo ya jukwaa sina."

Nilimtazama. Huyu alilala kwenye mkeka wetu. Alikula sombe yetu, hata ile iliyoungua. Alilia kitandani kwa kaka mpaka manesi wakaja kumtuliza yeye. Jina kamili la kaka hakuwahi kuliuliza. Miaka yote nilidhani namdharau. Kumbe nilikuwa sijaanza.

Nikamjibu kwamba boss hapendi kusumbuliwa. Akaitika kwa adabu, mikono mbele, kama yuko kwa balozi.

"Sharp. Umwambie namuheshimu sana."

Jina limebaki.

Jumapili, 23 Machi
Wimbo umetoka. Baada ya kanisa nimeuweka kwenye simu, simu nikaitia ndani ya bakuli ili isikike vizuri. Kaka amesikiliza ameinamisha kichwa. Pasta akapita. Maghala yakapita. Kisha yeye.

Vidole vilivyobaki vilikuwa vinatembea juu ya goti. Wimbo ulipokwisha akasema gitaa wamelishusha mno. Akaniomba niurudie. Nikaurudia.

Halafu akauliza kama ni Jojo aliyetaka litajwe jina lote, na la Uvira pia. Nikasema ndiyo. Nikasema anamheshimu sana.

"Nilijua," kaka akasema. "Iko mtu muzuri, ule."

Nikaenda kutwanga sombe. Nimeitwanga mpaka jirani akagonga ukuta.