Bei ya Jumatatu

Jumatatu, 3 Machi

Nimepandisha bei ya kununulia ubaoni. Platinamu safi, gramu moja: 13,050. Wiki iliyopita ilikuwa 12,000.

Mjomba hupanga bei mara moja tu kwa wiki, Jumatatu asubuhi, kabla hatujafungua mlango. Ndivyo alivyofundishwa na sonara aliyemlea kikazi. Hesabu napiga mimi. Shahada ya hisabati imenifikisha kwenye chaki!

Bei ya dunia ni ya aunsi, kwa dola. Aunsi ya madini, si ya jikoni: gramu 31.1. Leo 902, gawanya kwa 31.1, unapata dola 29 kwa gramu. Zidisha kwa 450, dola inavyouzwa leo. Basi. Jumatatu iliyopita gramu ilikuwa dola 30, ila dola ilikuwa 400. Madini yameshuka, hela yetu imeporomoka zaidi, kwa hiyo hapa kwetu yamepanda. Naipenda hesabu hii. Haina mtu ndani yake.

Jumanne, 4 Machi

Damu kwenye mizani. Nimeisugua mara tatu, bado naiona.

Msumeno kaja. Ni muuza vyuma chakavu, hutuletea waya wa platinamu anaoung'oa kwenye matanuri ya kiwanda kilichofungwa. Nyuma yake lile pande la mtu lisilosema, sisi twaliita Kimya. Msumeno alikuwa amesikia redioni kwamba platinamu imeshuka. Akauona ubao.

"Mzee, duniani imeshuka, kwako imepanda! Basi Alhamisi uliponunua kwangu kwa elfu kumi na mbili ulinila!"

Mjomba akacheka. Akamwambia soko si vyuma, haliendi kwa mabavu. Kosa hilo. Msumeno alimshika kisogo, akamgongesha uso mezani. Mara mbili. Jino likaangukia kwenye sahani ya mizani, likalia — ting!

"Hilo nimekung'olea bure, mzee. Yaliyobaki ni ya kulipia."

Sikufikiri. Koleo lilikuwa kwenye makaa. Nililichukua nikamwekea begani. Ngozi ikalia kama nyama kikaangoni. Kimya akanirusha ukutani kama gunia, sikio likaanza kuvuma. Msumeno aliondoka akiwa amelishika bega. Mlangoni akageuka: atarudi Jumatatu, na mimi msomi nimweleze bei ile mpaka imwingie kichwani. Nisipoweza, ataanza na vidole vya mjomba. Sonara bila vidole!

Kitu ambacho sitamwambia mtu: nilitamani koleo likae pale muda zaidi.

Jumatano, 5 Machi

Mkaza mjomba anataka twende polisi. Mjomba hataki. Polisi watauliza waya umetoka wapi, anasema, huku mdomo umevimba kama andazi.

"Basi tungoje wakukate vidole," mkewe akamjibu. "Nitakulisha mimi kama kinda."

Akavunja sahani. Kwa makusudi. Nikatamani kuvunja ya pili.

Jumamosi, 8 Machi

Afadhali nisingetafuta.

Nilitaka kumwandalia Msumeno maelezo ambayo hata mtoto angeelewa. Nikachukua madaftari ya mjomba ya miaka miwili, nikaweka kando orodha ya bei za dola za kila siku. Alhamisi ile, Msumeno alipouza, dola ilikuwa imeshafika 430. Thelathini mara 430 ni 12,900. Ubao ulisema 12,000, kwa sababu Jumatatu ilikuwa bado haijafika. Jioni hiyohiyo mjomba akamuuzia tajiri anayenunua kwake waya uleule, kwa dola ya siku ile.

Nikajitetea kwa niaba yake: ndio utaratibu, hela yetu ingepanda angeumia yeye. Nikatafuta wiki ambazo ilipanda. Saba. Katika zote saba kafuta ubao katikati ya wiki akashusha bei, mimi nikiwa sipo! Siku hiyohiyo! Jumatatu inamhusu muuzaji peke yake.

Na chaki ni yangu. Mwandiko ni wangu.

Nilimwendea kitandani na daftari. Hakukana. "Mwanangu, ada yako ya chuo ilitoka wapi, mbinguni?" Nikalitupa daftari usoni kwake, palepale penye kidonda. Alilia. Sikumfuta damu. Mkewe ndiye aliyekuja na kitambaa, akaniangalia kama anavyomwangalia Msumeno.

Jumatatu, 10 Machi

Saa nne asubuhi. Naandika haya mbele yao. Wanadhani napiga hesabu.

Waliingia tulipofungua tu. Kimya kafunga mlango, kauegemea. Msumeno, bega limefungwa bandeji, alimburuta mjomba hadi kwenye jiliwa letu la meza, lile la kubania vyuma, akauweka mkono wa kulia wa mjomba katikati ya taya za jiliwa, akakaza mpaka mjomba akapiga goti. Kisha akanitupia kalamu. "Andika hatua kwa hatua, dada, halafu unieleze. Nikielewa, naondoka."

Nikamweleza. Aunsi, 31.1, dola 29, mara 450. Nilimweleza vizuri — Mungu anisamehe, niliona raha kumweleza! Akili zake si haba. Aliuliza maswali mawili tu, yote ya maana. Akaitikia kwa kichwa. "Kumbe imeshuka huko, na hela yetu imeshuka zaidi. Sawa. Nimekuelewa, msomi." Mkono wake ukaanza kulegeza mpini. Mjomba akavuta pumzi.

Kisha mpini ukasimama.

"Ngoja. Mimi sikuuza Jumatatu. Niliuza Alhamisi. Alhamisi dola ilikuwa ngapi?"

Nimeinama, naandika. Mjomba anapiga kelele: mia nne, mwanangu, mwambie mia nne! Msumeno hamtazami hata. Kazungusha mpini nusu mzunguko na kitu kikalia ndani ya mkono ule, kama kijiti kikavu. Mjomba sasa anatokwa na mate tu. Vidole vimekuwa vya zambarau. Vidole vilivyonishikisha kalamu ya kwanza. Vilivyofuta ubao mara saba.

Nimesema kwa sauti, "Mia nne…" Nikanyamaza, kana kwamba nakumbuka. Sijui kama ni huruma au hasira iliyonisimamisha.

Msumeno kainamia upande wangu. Sauti yake ya upole kabisa.

"Mia nne na ngapi, dada?"