Sahihi Yako Kwenye Ukurasa wa Arobaini na Moja

San Jose, California
9 Novemba 1993

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kikohozi kimepungua? Na shangazi Maxine bado anakulazimisha ule uji wa shayiri? Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa.

Baba, ile kesi imefika pabaya. Menyu yangu unaijua: ukibofya barua kwenye kompyuta, yanatokea mambo ya barua, ukibofya picha, ya picha, kwa kuwa kila kitu kimebeba menyu yake chenyewe. Sasa kampuni kubwa inadai hataza, yaani haki ya kumiliki ubunifu huo, ni yake. Sheria yetu inampa haki aliyebuni kwanza, si aliyewahi kuandikisha, na ushahidi ni daftari la mhandisi: kila ukurasa uwe na tarehe, na sahihi ya mtu aliyeusoma akauelewa. Tukishindwa, sisi kumi na mmoja tunafunga ofisi. Neva, mshirika wangu, hunitania eti daftari langu ndilo Biblia yetu. Laiti angejua!

Niliibuni kweli Machi 1988, haki ya Mungu. Lakini nilikuwa peke yangu, sikumwita mtu atie sahihi. Kampuni ile ilianza Agosti mwaka huohuo. Unakumbuka Krismasi ya 1990, jikoni kwako, nilipokusukumia daftari huku unakata pai? Uliusoma ukurasa wa arobaini na moja wote, ukauliza maswali ya kifundi, ukasema kumbe nina akili, ulidhani huku nacheza tu. Ukatia sahihi. Tarehe niliijaza mimi baadaye: 3 Machi 1988. Siku hiyo ulikuwa umelazwa hospitali kule Toledo, umevunjika nyonga.

Jana kwenye simu ulisema wakili wao amekuita utoe ushahidi, nawe utaapa kwamba ulitia sahihi siku ileile ya Machi. Ulisema wewe ni mzee, watakufanya nini? Nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka uape. Naona aibu, Baba.

Na hili hulijui: wiki iliyopita niliapa mimi. Niliwaambia mawakili kwamba ulikuja San Jose, ukatia sahihi mezani kwangu. Kwa hiyo ukisema kweli, mwanao ameapa uongo, anaweza kufungwa, na menyu ambayo ni yangu kweli inakwenda.

Sema kweli, Baba. Sema Krismasi, sema jikoni, sema hospitali. Nisalimie shangazi, na tafadhali usinipigie simu kabla hujaapa. Ukinipigia, nitakuomba udanganye.

Mwanao akupendaye,
Orrin