Shimo Nililochimba Mikelenge

Kindu, Mikelenge
Tarehe 14 mwezi wa saba, 2024

Kwa dada yangu mkubwa, Yaya wangu mpenzi Hadidja,

Salamu za amani zikufikie huko Kongolo, wewe pamoja na shemeji Zuberi na wote mnaolala chini ya paa moja. Natumaini mguu uliokuwa unakusumbua umepata nafuu, na kwamba shemeji bado anakwenda kituoni kila asubuhi kuangalia kama treni imeingia, ingawa alishastaafu. Sisi huku tu wazima wa mwili. Sofia anakusalimia sana na watoto wanakuulizia. Kiangazi kimekaza. Mto Lualaba umeshuka mpaka mawe ya upande wa Alunguli yako nje, na pirogi zinazovusha watu zinazunguka mbali kabla ya kufika ng'ambo.

Ningeweza kukupigia simu. Nilipiga mara mbili, ukaitika, nikakuuliza habari za mahindi, nikakata. Yaya, maneno niliyo nayo hayapiti mdomoni. Ndiyo maana nimemkabidhi Rémy wa treni karatasi hizi na kumwomba akupe mkononi mwako, asimpe mtu mwingine. Zisome ukiwa umekaa. Uzisome mpaka mwisho, hata ukinikasirikia katikati.

Kwanza habari ya kazi. Unajua kwamba tangu mwaka jana nilikuwa nakaa bure. Masoni wa Kindu, sisi wajenzi wa kuta, tumekuwa wengi, na mashirika yanayojenga shule na vituo vya afya siku hizi hayampokei mjenzi wa vyoo asiye na breve, yaani cheti cha mafunzo. Mara ya mwisho mkubwa wa kazi alizitazama kuta zangu, akazisifu, kisha akaniambia nirudi siku nitakayokuwa na karatasi. Basi mwezi wa tano, mimi na miaka yangu arobaini na mmoja, nilijiandikisha kwenye mafunzo ya wiki nane ya wajenzi wa foso septike, yale matangi yanayojengwa chini ya udongo kupokea maji ya choo. Nikakaa benchi moja na vijana ambao ningeweza kuwazaa.

Mwalimu wetu ni Injenia Mardochée, mtu wa Pangi, mfupi, mwenye sauti ya chini. Hataki kusikia neno "karibu" wala neno "kama". Ukimwambia shimo lina karibu mita mbili, anakupa mkanda na kukurudisha chini ukapime. Alitufundisha kujenga tangi lenye vyumba viwili, cha kwanza kikubwa ili uchafu mzito utulie, cha pili kidogo, halafu bomba la kupeleka maji kwenye shimo la kunyonya lililojazwa mawe. Alitufundisha kupiga lipu mara tatu ndani, kujaza tangi maji, kuweka alama ya chaki, na kurudi kesho yake kuona kama maji yameshuka. Nisikufiche, nilifurahi. Nilikuwa narudi nyumbani na mikono yenye simenti, nakula vizuri, namsimulia Sofia mpaka anasinzia.

Wiki ya tano tukaingia somo la udongo. Injenia alituambia kwamba kabla ya kuchimba mtu anatafuta kwanza kisima kiko wapi na uwanja unainamia wapi. Choo kikae upande wa chini, mbali na kisima, hatua thelathini na zaidi. Akasema maji ya choo hayakai pale unapoyaweka. Yanatembea. Alain, kijana mmoja wa darasa letu, akacheka na kusema kwamba udongo unachuja, kwamba kwao choo na kisima vinaonana tangu enzi ya babu yake na hakuna aliyekufa. Injenia hakubishana naye. Alitupeleka kwenye parseli moja huko Kasuku, kiwanja kisichokaliwa na watu, chenye choo cha zamani upande wa juu na kisima upande wa chini, hatua kumi na mbili kati yake. Akamwaga ndani ya choo kopo moja la maji yenye poda ya rangi, akafuatisha ndoo ishirini za maji, akatuambia tutarudi.

Tulirudi siku ya nne. Yeye mwenyewe hakugusa kamba. Alimwambia Alain ateke. Ndoo ikapanda, Yaya, na maji yalikuwa ya kijani. Kijani kibichi, kama majani ya muhogo yaliyotwangwa. Vijana wakapiga kelele, wengine wakatoa simu zao kupiga picha. Mimi nilizunguka nyuma ya ukuta nikatapika. Injenia alinifuata akaniuliza kama nina malaria. Nikamwambia ndiyo.

Sikuwa na malaria. Nilikuwa nimeuona uwanja wetu wa mwaka 2002.

Najua huupendi mwaka ule nami siupendi. Lakini naomba turudi pale pamoja, mara hii moja. Mji ulikuwa umezingirwa. Treni ilikuwa imekatika na shemeji Zuberi amebaki upande wa pili, hatujui kama yu hai. Wanawake hawakuweza tena kwenda mashambani. Tulikula sombe, majani ya muhogo, bila chumvi, siku nyingine mizizi. Watu waliokimbia barabara ya Pangi waliingia kwetu mpaka tukawa ishirini na sita ndani ya parseli moja, na choo cha marehemu baba kikajaa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, mwanaume pekee mwenye nguvu kidogo, nikaambiwa nichimbe kingine. Nilichimba siku tatu, upande wa juu, nyuma ya migomba. Juzi nimepima kwa mkanda. Kutoka pale mpaka kisimani ni hatua tisa.

Mvua zilipoanza, mwanao Sifa akaanza kuhara. Unakumbuka jinsi alivyokauka kwa siku moja tu, macho yakazama, ukawa unamnywesha maji kwa kijiko ili apone. Yaya, ulikuwa unamnywesha maji ya kisima kile. Tulimzika Jumanne. Jumapili tukamzika mwanao Ali, na sanda yake ilikuwa nusu ya shuka lako kwa sababu hakuna duka lililokuwa wazi. Na kwa majirani waliokuwa wanateka maji kwetu pia watoto wanne walikufa mwezi ule.

Kisha watu wakatafuta nani amewaloga watoto. Shangazi Mwayuma hakuwa na mtoto wake wa kuzaa, na wiki iliyotangulia mlikuwa mmegombana juu ya kibakuli cha unga. Lakini kilichommaliza ni kile alichosema Baba Mdogo Ramazani, Mungu amrehemu, kwamba ndani ya parseli nzima ni Mwayuma peke yake asiyekunywa maji ya kisima. Ni kweli. Kila asubuhi aliteremka mpaka mtoni na bidoni yake, akapita mbele ya askari, akateka maji yake na kuyachemsha. Alisema ya kisima yananuka. Baba Mdogo akauliza mbele ya wote, kwa nini yeye tu? Alijua nini ndani ya maji yale ambacho sisi hatukujua? Wewe ulitoka nyumbani na kanga ya msiba kichwani, ukamtupia vitu vyake uwanjani, ukamwambia amekula watoto wako. Majirani wakamsindikiza kwa fimbo mpaka njia ya kutokea mji. Sikulaumu, Yaya. Mama aliyezika wawili ndani ya siku tano halaumiwi.

Baada ya siku ile ya maji ya kijani sikurudi darasani kwa juma zima. Nilipanda pikipiki mpaka Kibombo, na kutoka pale mpaka Tunda, kwa wajomba zake Shangazi. Nilikwenda nikijua nitaonyeshwa kaburi.

Yu hai. Usiangushe karatasi, soma. Shangazi Mwayuma yu hai. Anakaa nyumba ndogo nyuma ya nyumba ya Mama Hélène, mjukuu wa mjomba wake. Jicho moja halioni, miguu imevimba, na hatembei zaidi ya kutoka kitandani mpaka mlangoni. Anasuka mikeka kwa kupapasa. Nilisalimia nikiwa bado nje, naye akasema, kabla sijataja jina, "Iyo sauti njo ya Djamali." Akaniambia niketi. Akamwambia Hélène aniletee maji, akaongeza, "Kunywa bila woga. Nimeyachemsha."

Nilimweleza yote ya mafunzo, ya udongo, ya ndoo ile. Nililia, Yaya, mbele ya Hélène na watoto wake. Nikamwomba msamaha, nikamwomba arudi nami nyumbani, nikamwambia nitatafuta hata gari. Yeye alikuwa anaendelea kusuka. Nilipomaliza aliniuliza, "Hadidja anajua?"

Nikamjibu kwamba bado.

"Basi haujafika," akasema. "Rudi uanze safari upya. Mimi nilishafukuzwa na mama wa watoto, siwezi kuitwa na muntu mwingine."

Sasa nimefika pale niliposhindwa kufika kwenye simu.

Nimeandika hapo juu kana kwamba hatukujua. Watu wote wa mwaka ule wanasema hivyo, kwamba ilikuwa vita, kwamba hakuna aliyejua. Mimi nilijua. Sikujua habari za maji yanayotembea kama Injenia anavyozijua, lakini nilijua ya kutosha, kwa sababu Shangazi Mwayuma aliniambia. Aliniambia nichimbe upande wa chini kabisa, kwenye kona ya upande wa mto, mbali na kisima. Alinipeleka mwenyewe akachora alama kwa jembe. Nilipoanza kuchimba pale nikakuta mawe mekundu. Jembe lilikuwa linaruka. Nilikuwa na njaa, na mpaka jioni sikuwa nimefika hata magotini. Kesho yake, yeye alipokwenda mtoni, nikahamia nyuma ya migomba ambako udongo ni laini. Aliporudi akanikuta nimeshafika kifuani. Akanisihi nilifukie shimo. Akasema kinyesi kitaingia kisimani. Nikamwambia askari wamepita na kukataza watu kuchimba upande wa mto. Hakuna askari aliyepita, Yaya. Hata mmoja.

Sifa alipougua, Shangazi alinijia tena kwa siri akasema tufunge kisima, tuwaambie watu. Nikamwomba anyamaze. Niliogopa wewe utajua ni shimo langu. Akanyamaza, kwa kunihurumia mimi.

Na siku ile uwanjani, fimbo zikiwa tayari mikononi mwa watu, alinigeukia. Ulikuwepo, ulisikia. Alisema, "Djamali, mutoto wangu, waambie. Nilikuambia uchimbe wapi?" Wote wakanitazama. Wewe pia ulinitazama. Nami nikasema sijui mwanamke huyu anasema nini.

Nilisema hivyo. Nilimwita mwanamke huyu, yeye aliyenilea mama alipofariki.

Miaka ishirini na miwili umekuwa ukiniita mdogo wako mwema. Umenitumia unga, umelipa mahari ya Sofia, umempa binti yangu wa kwanza jina la Sifa, na kila unapolitamka jina lake mimi natazama chini. Watoto wako hawakuliwa na mtu. Waliuawa na shimo langu, na Shangazi alibeba jina la mchawi badala yangu mpaka amezeeka nalo.

Nilirudi kwenye mafunzo kwa sababu sikujua niende wapi kwingine. Injenia Mardochée nilimweleza. Aliniambia nimalize tangi langu. Lilishika maji, alama ya chaki haikusogea. Nina breve sasa, na tayari wameniita kwa kazi ya kwanza kwenye kituo cha afya, lakini bado sijawajibu. Kisima chetu nimekifunga kwa beto ya simenti na kokoto. Majirani wananung'unika, wananiuliza kwa nini, na wengine wao njo wazazi wa wale watoto wanne waliokufa. Ijumaa ya mwisho wa mwezi, baada ya sala, nitawaambia. Sofia anajua tangu jana. Nilitaka wewe upate habari kabla ya majirani wote. Sitasubiri jibu lako ili niwaambie, kwa sababu nikisubiri nitaogopa tena.

Siandiki ili unisamehe. Nakuomba jambo moja, na nakuomba kama mtu anayezama. Muuguzi wa Tunda alinivuta pembeni akasema moyo wa Shangazi umechoka, kwamba akifika mwezi wa kumi ni Mungu tu. Treni ya Rémy itashuka Kongolo na kupanda tena huku baada ya siku chache. Panda nayo, Yaya. Si lazima ufike Kindu. Si lazima unione. Shuka Kibombo. Pale kituoni uliza mwenye pikipiki anayeitwa Israël, anaijua nyumba ya Mama Hélène, nimeshamwambia huenda utakuja na nimemwomba aangalie kila treni. Shangazi hasikii vizuri tena upande wa kushoto, kwa hiyo ukimwita, simama upande wa kulia.

Nisalimie shemeji Zuberi. Nakuachia wewe kuamua kama atasomewa barua hii. Wasalimie watoto. Mungu aupe nguvu mguu wako kwa safari hiyo, hata kama mimi hatanipa kitu.

Ni mimi mdogo wako aliyesema hajui,

Djamali