Matone Yasiyowasha

Mpendwa baba,

Shikamoo, japo marahaba yako sitaisikia. Juzi nimetolewa mtoto wa jicho. Nesi alipotia tone la dawa ya uvimbe halikuwasha hata kidogo, nami nikaangua kilio. Maskini, alidhani ameniumiza.

Nilikuwa nakukumbuka wewe. Ndiyo kwanza tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa, mizinga yako ya nyuki imebaki msituni huko Ipole, ukaenda Tabora mjini kutolewa mtoto wa jicho katika jicho lako pekee lililobaki ili uweze kuirudia. Walipokufungua bandeji ulinitazama mpaka nikaona haya. "Kumbe umeshakuwa mtu mzima," ukasema. Sijawahi kufurahi vile.

Walikupa chupa mbili za matone. Moja ya kuzuia vijidudu, iliyowasha. Nyingine ya uvimbe wa ndani, laini kama maji. Lakini wewe ulikuwa mrina asali. Tangu utotoni jicho likikuuma ulitiwa asali ya nyuki wadogo, na ilipowasha ndipo mliposema dawa imeshika. Ukazipima chupa zile kwa kipimo hicho. Ya kuwasha ukaitumia mpaka ikaisha, ile laini ukaiacha dirishani bila kumwambia mtu.

Baada ya muda ukaanza kuona ukungu katikati. Tukarudi Tabora mjini, daktari akasema nyuma ya jicho kumevimba.

"Mzee, dawa ya uvimbe ni hii. Mbona imejaa?"

"Hiyo haiwashi, ndugu daktari. Nilijua mmenipa maji."

Hakukucheka wala hakukugombeza. Ulianza kuitia siku hiyohiyo, ila tulikuwa tumechelewa. Ukabaki kuona pembeni tu. Ukitaka kumwona mtu, ulimgeuzia shavu.

Watu walisema ulikuwa mbishi, na mpaka leo nina hasira nao. Hukuwa mbishi, baba. Ulifuata ujuzi uliokulea, na hakuna aliyekaa nawe akakueleza kwamba ziko dawa zinazofanya kazi kimyakimya.

Nilipojifungua mwanangu wa kwanza nilikupakatisha. Ulimpapasa uso taratibu, ukaniuliza, "Anafanana na nani?"

"Na wewe, baba."

"Basi nieleze nilivyo. Nimeanza kusahau."

Siku ile nilitoka nje bila kukueleza. Una paji pana, baba, na ukicheka, tabasamu lako huanzia upande wa kushoto.

Pumzika.

Bintiyo, kitindamimba wako