Aliyezima Taa za Ukumbi

Ijumaa, tarehe 7

Shikamoo baba,

Hujambo? Na mgongo je, bado unakusumbua? Mimi niko salama, koo tu ndilo limekauka kwa hotuba.

Baba, miaka yote hii nazunguka miji kudai maji ya bomba mitaani, na juzi ndiyo mara ya kwanza wewe kunisikia. Ukumbi wako ulijaa mpaka madirishani! Lakini kule kuzimiwa taa katikati ya hotuba kumeniuma. Wanafunzi wanasema ni amri ya mkuu wa chuo. Alhamisi ya tarehe 20 wanaandamana hadi ofisini kwake, wanataka ajiuzulu, na mimi nitakuja kuwaongoza. Wewe ndiye mtunza ukumbi. Ulimwona nani pale kwenye swichi?

Binti yako


Jumanne, tarehe 11

Marahaba mwanangu,

Sijambo. Mgongo upo, nami nipo, tunavumiliana. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu utanikatiza, na hili nataka ulipate lote.

Niliyemwona kwenye swichi ni mimi.

Usiitupe barua kwanza. Kazi yangu unaijua: saa kumi na mbili kamili jioni, ukumbi unafungwa. Miaka ishirini na miwili nimezima taa zile saa hiyohiyo, iwe mtihani, iwe mkutano, iwe profesa hajamaliza sentensi. Siku ile nimesimama mlangoni, machozi yananilengalenga, namwambia mpishi wa bwalo, "Yule wangu yule!"

"Tumesikia, mzee. Hii mara ya nne."

Saa ya ukutani ikagota kumi na mbili. Mkono ukaenda wenyewe. Giza! Nikataka kuwasha, nikasikia ukumbi mzima unapiga kelele, "Waoga! Waoga!" Basi nami nikaogopa kweli, nikatokea mlango wa nyuma.

Sasa mkuu wa chuo analaumiwa bure. Nikisema, kazi inaweza kuota mbawa, na wewe watakucheka: mwanaharakati kazimiwa taa na baba yake mzazi! Nisiposema, chakula hakipiti kooni. Wewe ndiye msomi wa nyumba hii. Nifanyeje?

Baba yako


Jumamosi, tarehe 15

Shikamoo baba,

Natumaini umeanza kula. Nimecheka, nikalia, nikacheka tena mpaka jirani akagonga ukuta.

Mkuu wa chuo simpendi, lakini siwezi kumwondoa mtu kazini kwa kosa ambalo si lake. Wacha wanicheke. Alhamisi nitawahi, niwaambie ilikuwa bahati mbaya, na jina la mtu sitalitaja. Wewe kaa nyumbani, kunywa chai, funga mdomo. Niahidi, baba. Umebakiza miaka mitatu tu ustaafu.

Binti yako


Ijumaa, tarehe 21

Marahaba mwanangu,

Poleni na safari. Nimesikia basi lenu liliharibika, mkashinda mnalisukuma. Hapa ulisubiriwa mpaka saa tano, hola, hukuonekana. Vijana wakaanza kuutikisa mlango wa ofisi, na mkuu yumo ndani, mtu mzima mwenye presha yake. Ile ahadi uliyoniomba niliitia kwenye mfuko uliotoboka. Nikapanda juu ya benchi, magoti yakilalamika.

"Mficha uchi hazai!" nikasema. "Taa nilizima mimi!"

Kijana mmoja akadakia, "Nani alikutuma, mzee?"

"Saa ya ukutani."

"Amehongwa huyu!"

Mpishi akaja mbio na mwiko wake. "Ahongwe na nani? Mimi nilikuwa naye! Mara ngapi amenizimia nimebeba sufuria la moto?"

Binti mmoja akasema alizimiwa akiwa kwenye ngazi, anapamba jukwaa. Profesa wa historia akasema yeye amezimiwa mara tatu, siku hizi anakuja na tochi. Kila mtu akawa na kisa chake. Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini, na mlango wa ofisi ukaachwa.

"Na yule msemaji ni nani kwako?" wakaniuliza.

"Binti yangu."

Hapo ndipo walipocheka zaidi. Umenisamehe?

Mkuu akatoka, anajifuta jasho. Alinipa barua ya onyo, kali kweli, makosa ya chapa mawili, lakini kazi ninayo. Nilipofika mlangoni akaniita.

"Hivi, yule binti yako alipozimiwa, alikuwa anataka kusema nini?"

Nikamwambia sijui. Maana mwanangu, nilivyokuwa nikijisifu kwa mpishi, maneno yako nusu sikuyasikia.

"Muulize, basi," akasema. "Au mwambie aje amalizie. Mchana."

Kwa hiyo nakuuliza. Sitaki kwa barua, wala kwa simu. Mpishi amekubali kushika funguo za ukumbi siku hiyo, pamoja na swichi. Mimi nitakaa kiti cha mbele, nikusikilize.

Baba yako