Banda Nililolipaka Kijivu

Bweni la Wasichana, Chumba Na. 27,
Chuo Kikuu.

14 Septemba

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Habari za kazi na za mwili? Nilisikia goti limekusumbua tena, na kwamba bado unapanda ngazi zote za kazini ukisema ni mazoezi. Shangazi, hayo si mazoezi, ni ubishi. Mimi ni mzima. Nimepungua kidogo, lakini usianze kuuliza ninakula nini, ninakula.

Kabla ya lolote: usikate tiketi ya Desemba. Sitakuwamo kwenye mahafali ya mwaka huu. Sikufeli kwa uvivu wala sina mimba, kwa hiyo tafadhali usimpigie Mama kabla hujafika mwisho wa barua.

Mwaka wa mwisho wa mipango miji tunapewa mtaa mmoja. Tunaukagua jengo kwa jengo, kisha tunaupaka rangi kwenye ramani: njano ni makazi, nyekundu ni biashara, kijivu ni jengo lisilotumika. Nilikuwa kiongozi wa kundi la watu watano. Ramani yetu ndiyo ile niliyokuandikia kwa majigambo. Ilipata alama za juu kuliko zote, ofisi ya mji ikaiomba, nami nikaahidiwa ukufunzi msaidizi nikimaliza.

Nyuma ya kituo cha mabasi kuna banda kubwa la mabati. Tulifika hapo saa tatu asubuhi, siku tatu mfululizo, na kila siku tulilikuta tupu. Sakafu imefagiliwa, hakuna hata jani. Nikalipaka kijivu kwa mkono wangu. Kwenye maelezo nikaandika, "Banda tupu, linafaa kwa maegesho ya magari." Niliipenda sana sentensi ile.

Mwezi wa Julai nilimsindikiza mwenzangu wa chumbani kupanda basi la alfajiri. Tulipopita nyuma ya kituo ilikuwa saa kumi na mbili, na banda limefurika. Wanawake kama sitini, matenga ya nyanya, mafungu ya mchicha, mikokoteni inagongana, mtu anapiga kelele "Miguu! Miguu!" kila gunia likipita. Ni soko la jumla la mboga. Saa mbili limekwisha, na kufikia saa tatu wenyewe wameshafagia na kuondoka. Mwenzangu alicheka hadi akaweka begi chini.

"Kiongozi," akasema, "hili ndilo banda lako tupu?"

Ukutani palikuwa na tangazo la ofisi ya mji: banda litabomolewa kupisha maegesho, kufuatana na uchunguzi wa chuo kikuu. Mwisho wa pingamizi, tarehe 31 Agosti.

Nilikaa kimya siku tisa. Nataka ulijue hilo, kwa sababu nyumbani watakusimulia kana kwamba nilikimbia kusema ukweli siku ileile. Sikukimbia. Nilijiambia wenye soko watajitetea wenyewe. Nilijiambia ofisi itatuma mtu kuangalia. Unajua ninavyoweza kubishana; safari hii nilibishana na nafsi yangu, na kila siku nikashinda. Kilichonichosha ni huko kushinda.

Siku ya kumi nilikwenda kwa mwenyekiti wa soko, mama anayeuza vitunguu. Nikamwambia mimi ni nani.

"Wewe ndiye uliyeandika kwamba hatupo?"

"Ni mimi, mama."

"Ulikuja saa ngapi?"

"Saa tatu."

Akawageukia wenzake. "Jamani, mtaalamu alikuja saa tatu! Saa tatu mimi nimeshauza, nimeshaoga, nakoroma!"

Walicheka wote, nami nimesimama katikati yao sijui mikono niiweke wapi. Kisha yeye akaacha kucheka. "Barua tumepeleka, mwanangu. Wametujibu kwamba karatasi ya chuo inasema hapa hakuna soko. Sisi tutabishana vipi na karatasi? Ikaseme karatasi nyingine."

Basi nikaiandika hiyo nyingine, nikieleza kwamba kosa ni langu peke yangu, si la kundi. Ofisi isingeipokea bila saini ya mhadhiri wetu. Tunamwita Skeli, kwa sababu hata kabla ya salamu huuliza skeli ya mchoro wako, yaani kipimo chake, ni ipi. Yeye ndiye aliyeidhinisha ramani, na kusema ramani ina kosa ni kusema na yeye hakuhakiki. Aliisoma barua yangu mara mbili.

"Idara itafuta alama zako," akasema. "Utarudia mwaka. Ukufunzi usahau."

"Najua, mwalimu."

"Na mimi wataniuliza nilisaini nini."

"Hilo pia najua."

Akasahihisha koma moja, akasaini, akanisukumia kalamu. Tangu siku ile hanisemeshi ila kwa kazi, na sijui kama amekasirika au anaona aibu. Sijathubutu kumuuliza.

Jumanne iliyopita ofisi ilijibu. Banda limeondolewa kwenye mpango. Maegesho watatafuta kwingine. Idara nayo ilifanya kama alivyosema Skeli. Ukufunzi amepewa kijana wa kundi la pili. Nimejaribu kumchukia nimeshindwa, ana adabu mno. Januari naanza upya.

Juzi Jumapili nilimpigia Baba. Unajua alivyowatangazia watu wote kazini kwake kwamba binti yake atafundisha chuo kikuu. Nilimweleza yote kwa pumzi moja. Kisha akauliza, "Hao kina mama bado wanauza?"

"Bado, Baba."

"Basi rudia." Akakata.

Mama ananiambia tangu hapo Baba hataki kuongea, na kazini anapita mlango wa nyuma. Ndiyo maana nimekuandikia wewe, dada yake. Mpigie, Shangazi. Usinitetee. Mtanie kama mlivyotaniana mkiwa watoto, umwache anune, umtanie tena. Jibu lake lilikuwa sahihi, ila najua lilimgharimu, na sipendi akae nalo peke yake.

Wasalimie binamu zangu wote wawili, na yule mdogo mwambie pengo la jino litajaa. Mungu akutunze wewe na hilo goti lako bishi.

Ni mimi mwana wa kaka yako, nikupendaye kila siku,

yule unayemwita Bi Maswali