Maelezo ya Zéphirin Ilunga Juu ya Mwili Ulioletwa Kutoka Kambove

Kituo cha Polisi, Komini ya Ruashi, Lubumbashi
Tarehe 3 Machi
Shahidi: Zéphirin Ilunga, miaka 34, fundi wa simu, mkazi wa Ruashi, hajaoa. Rafiki wa marehemu.

Nasema kwa hiari yangu.

Ndani ya ncha ya kidole changu cha pete, mkono wa kushoto, mna sumaku ndogo kama punje ya mchele. Mimi na Djo Mukendi tuliwekewa pamoja miaka sita iliyopita, na mtu anayetoboa masikio. Djo alitaka zikae kinyume, ili vidole vyetu vivutane tukisalimiana kwa mkono wa kushoto. Ulikuwa ujinga wa vijana na siujutii. Ofisa ameniuliza kama kidole kinauma. Hakiumi. Nafua nguo zangu mwenyewe, naendesha pikipiki, nacheza mpira wa kikapu kila Jumapili. Skrubu za simu hunijia zenyewe. Nikikaribia mota ya kinu cha unga, kidole kinatetemeka. Mwanzoni nilimsimulia kila mtu. Wengine walicheka, wengine waliacha kunipa mkono. Djo peke yake alijua ninachosema, na mwaka jana akaenda kuchimba madini Kambove. Tangu hapo sina wa kumwambia.

Mnamo tarehe 11 Februari tulisikia kwamba shimo limeporomoka kule kwa sababu ya mvua. Baadaye mwili mmoja ulifukuliwa ukaletwa chumba cha maiti hapa mjini. Uso haukutambulika. Mama Ngalula, mama yake Djo, aliutazama akasema si mwanawe, Djo yuko hai, amekosa tu umeme wa kuchaji simu. Akaambiwa kwamba mwili ukikosa mwenyewe utazikwa bila jina. Akasema basi wauzike.

Jana, tarehe 2 Machi asubuhi, Bénie, dada yake Djo, alikuja kibandani kwangu akaniomba niende na yeye na mama yake chumba cha maiti. Njiani nilimwomba Mungu kidole kisisikie kitu.

Nilikisogeza kwenye mkono wa kushoto wa marehemu. Kikavutwa. Nikajiambia ni chuma cha meza. Nikauinua ule mkono juu, mbali na meza. Kikavutwa tena, polepole. Nikageuza upande wa ukucha, kikasukumwa. Chuma kitupu hakisukumi.

Mama Ngalula alikuwa ananitazama usoni. Aliniambia: "Zéphirin, mutoto yangu, sema haiko ye. Sema tu."

Nilitamani kusema hivyo. Hakuna mtu mjini humu ambaye angejua kwamba nimedanganya. Nikamjibu kwamba ndiye: "Mama, njo ye."

Alinipiga kofi. Akasema: "Nilikuwa na mutoto ku Kambove. We njo ulimuua." Bénie akamshika.

Mchana kilio kilifunguliwa nyumbani kwao. Kwetu, anayefika kwenye kilio hupita kwanza kumpa mkono mama mwenye msiba. Nilifuata mstari kama wengine. Zamu yangu ilipofika, Mama Ngalula aliingiza mikono yake ndani ya kitenge. Nikampita. Nilikaa nje ya turubai, kiti cha pembeni yangu kikabaki kitupu hadi nilipoondoka. Simlaumu, lakini niliumia sana, kwa sababu mtu niliyekuwa namlilia ni yuleyule wanayemlilia wao.

Jambo moja naomba liandikwe. Mimi pia nilikuwa bado nampigia Djo simu, kila siku nikifunga kazi. Jana sikupiga.

Haya ndiyo niliyoyagusa kwa mkono wangu. Nimesomewa, nimeyakubali.

(Sahihi) Z. Ilunga

Maandishi ya ofisa: Mwili umeruhusiwa kutolewa kwa jina la Djo Mukendi. Mama wa marehemu ametia sahihi mezani hapa. Shahidi alimpisha kiti. Mama hakukaa.

(Sahihi) Chanda, ofisa wa polisi